Kwa Jaduong' wa breki pale Kibuye: niliingia na mafuta rangi ya strungi

Nianze na kilichonipeleka, sababu bila hiyo hamtaelewa mbona mtu mzima anaandika insha nzima juu ya chupa ya mafuta ya breki.

Mimi nalala Kisumu na kazi iko Mbale, Vihiga, kwa hivyo kila jioni nateremka Riat. Wenye wanaijua hiyo barabara wanaijua, ukitoka Kiboswa unaona ziwa lote limelala pale chini, kona, mteremko, kona tena, halafu unaingia Mamboleo na boda wote wa Kisumu ni kama walikuwa wanakungoja wewe. Ilikuwa Ijumaa, nimebeba walimu wenzangu watatu na magunia mawili ya viazi vitamu na mkungu wa ndizi (walimu hatunanga aibu), mbele yangu kuna lori ya kokoto inatambaa, pa kuovateki hakuna, so nimeshikilia breki karibu toka juu mpaka chini. Tukikaribia kumaliza mteremko nikakanyaga pedali ikaenda. Haikufika chini kabisa, lakini ilienda laini, kama kukanyaga sponji imelowa, na gari nayo inaendelea tu na safari yake. Nikapampu mara tatu nne ikashika kidogo, nikateremsha gia, nikavuta hendibreki polepole, tukasimama kando hatua chache tu nyuma ya ile lori. Hakuna mtu aliongea. Mwalimu wa dini ndiye alianza kucheka, ile kicheko ya uoga.

Tukakaa hapo kama nusu saa. Nikakanyaga tena, pedali ngumu, ni kama hakuna kitu ilifanyika. Nikaendesha mpaka nyumbani na gia ya chini nikiwa nimeshika usukani kama mtu anafanya testi ya leseni.

Jumamosi asubuhi nikaenda garaji fulani ya hapa town, jina nitaiwacha, ina bango kubwa na viti vya ngozi na kahawa ya bure. Kijana akaingia kwa gari, akakanyaga pedali mara moja, akaniangalia. "Madam, hii breki iko sawa." Nikamwambia jana haikuwa sawa. Akafungua boneti, akaona mafuta iko chini ya alama ya MIN, akasema basi shida ndio hiyo, akaenda akatoa chupa kwa shelfu. Sasa hapa ndio ningefungua macho. Hiyo chupa haikuwa na kifuniko, ilikuwa imezibwa na karatasi ya nailoni na raba, na vumbi juu. Akajaza mpaka MAX, nikalipa mia tano, nikanywa kahawa yao nikatoka. Ni ujinga wangu pia, siwezi kulaumu kahawa.

Bwana ya mwenzangu mmoja kazini ndiye alisikia stori akaniambia enda kwa Jaduong' (ni mzee kwa Kijaluo), usiendeshe hiyo kitu tena Riat mpaka amekuangalilia. Kwa hivyo Jumapili nikaenda.

Mahali penyewe msitegemee bango. Ni pande za Kibuye, unaingia kichochoro cha mafundi wa kuchomelea mageti, mwisho kuna mwembe na mabati manne, chini yake magari matatu ama manne hayana magurudumu. Hakuna viti. Narudia, hakuna viti, utakaa kwa tairi ama usimame. Mwenye garaji ni mzee wa makamo amevaa ovaroli ya samawati imekuwa kijivu, kila mtu anamwita Jaduong', na kazi yake ni breki tu. Ukimletea injini anakuelekeza kwa mwingine. Kabla yangu alikuwepo jamaa na Toyota Aqua, naye akarudishwa hivi hivi: "Hiyo ni haibridi, breki yake inataka mashine ya kompyuta ndio utoe hewa. Mimi sina. Peleka kwa mwenye anayo." Jamaa akajaribu kuongeza pesa, mzee akageuka akaendelea na kazi yake. Mimi nikasema moyoni sasa hapa nimefika, mtu anakataa pesa Kisumu hii.

Nikamweleza ya Ijumaa. Hakukanyaga pedali kwanza, aliniuliza maswali. Ilizama ama ilibaki ngumu na gari ikakataa kusimama? Ilizama. Ilirudi yenyewe ikipoa? Ilirudi. Mafuta ya breki ilibadilishwa lini? Hapo nikanyamaza. Hii Toyota Fielder nimekuwa nayo miaka minne, oili ya injini nabadilisha kila elfu tano kama dawa, lakini mafuta ya breki, wueh, sikujua hata hubadilishwanga. Nilidhani inaongezwa tu.

"Nyathina," yaani mtoto wangu, akasema, "hiyo haiongezwi kama chumvi."

Akawasha injini, akakanyaga pedali akaishikilia kama dakika moja nzima kuona kama itashuka polepole, kwa sababu ikishuka ukiwa umesimama tu hivyo basi mpira wa masta silinda, ile pampu inayosukumwa na pedali, umeisha. Haikushuka. Akapiga tochi nyuma ya kila gurudumu akitafuta unyevu, hakuna mahali inavuja. Halafu akafungua kale katangi keupe ka mafuta ya breki na akatoa kitu kama biro, kana taa tano ndogo, akachovya ncha. Kijani, manjano, manjano, nyekundu, nyekundu. Ile ya mwisho, kulingana na karatasi yake, ni maji zaidi ya asilimia 4. Yeye mwenyewe akaniambia nisikaamini sana hako kakalamu, kanakisia tu, lakini kakiwasha zote tano hata kama kamekosea kidogo bado uko na shida. Akavuta kidogo na sirinji akanionyesha kwa mwanga. Strungi, chai bila maziwa. Ile strungi imekaa kwa jiko tangu asubuhi.

Sasa mimi mwalimu napenda mtu anaelezea vizuri, na huyu mzee angefaa darasani kuliko wengi wetu. Alichukua sirinji nyingine, akaijaza mafuta mapya, akaziba mdomo na kidole akaniambia sukuma. Haisongi hata kidogo. Akaingiza tone la hewa, akaziba tena, sukuma. Inabonyea. Basi hiyo ndio breki yako yote, akasema. Mguu wako unasukuma mafuta, mafuta inasukuma padi, na inafanya kazi kwa sababu mafuta haibonyei. Lakini mafuta ya breki inanyonya maji kutoka kwa hewa, kidogo kidogo kila siku, inapitia kwa kifuniko cha katangi na hata kwa zile paipu za mpira, na hapa kwetu kando ya ziwa hewa yenyewe ni maji nusu. Ukishikilia breki kilomita nzima padi na disku zinapata moto, moto unaingia kwa kalipa, ile inayobana padi kwa disku, yale maji ndani ya mafuta yanachemka yanakuwa mvuke. Mvuke unabonyea. Pedali inazama. Ukipoa mvuke unarudi kuwa maji na pedali inakuwa ngumu kama ya gari mpya, ndio maana yule kijana wa kahawa alikanyaga asubuhi akaona iko sawa. Yaani ilikuwa sawa kweli, kwa parking.

Nilienda nikasoma usiku huo nikakuta hesabu zenyewe. Mafuta ya breki ina madaraja, yanaitwa DOT. DOT 3 ikiwa mpya kabisa lazima ivumilie mpaka nyuzi 205 kabla ichemke, ikishanyonya maji ya kama asilimia 3.7 inaruhusiwa kushuka mpaka 140. DOT 4 ni 230 ikiwa kavu na 155 ikiwa na maji. DOT 5.1 ni 260 na 180. Sasa piga hesabu, yangu ilikuwa DOT 3 ya sijui mwaka gani na imepita hiyo asilimia. Nilikuwa nateremka Riat na kitu imekaribia kuwa chai.

Nikamuuliza sasa niweke gani, kwa sababu kifuniko changu kimeandikwa DOT 3 na mwenye duka la spea aliwahi kuniambia namba kubwa ndio nzuri, chukua tu 5. Hapo ndio nilimwona Jaduong' amekasirika mara ya kwanza. DOT 3, DOT 4 na 5.1 ni ukoo mmoja, zote zimetengenezwa kwa glaikoli, DOT 4 unaweza kuweka kwa gari ya DOT 3 bila shida na inavumilia moto zaidi. Lakini DOT 5, ile haina pointi moja mbele, ni silikoni, ni kitu kingine kabisa, hainyonyi maji na haichanganyiki na hizo zingine, na gari ya ABS (ile kompyuta inazuia magurudumu kujifunga ukikanyaga breki) kama yangu haitakiwi kuiwekea. Rangi yake huwa zambarau ndio usikosee. Mimi bado nauliza nani alikaa kwa ofisi Marekani akaamua moja iitwe 5 na nyingine 5.1 na hazihusiani, lakini haya. Na kama gari yako ni ya kutoka Japani na unaona chupa imeandikwa BF-3 ama BF-4 usipanike, hiyo ni lugha yao ya DOT 3 na DOT 4.

Tukaamua DOT 4. Kwa nini si 5.1? Akasema hii Fielder haishindani mbio mahali, 4 mpya inatosha, hiyo pesa ingine nunua padi. Hiyo ya padi nitafika.

Kitu nilipenda kuliko vyote ni kwamba yeye hauzi mafuta. Anakutuma ununue mwenyewe duka unalotaka, na masharti ni mawili, chupa iwe imefungwa na ile sili ya chini ya kifuniko haijatolewa, na uchukue ndogo ndogo za nusu lita badala ya galani, kwa sababu chupa ikishafunguliwa inaanza kunywa hewa. Nikaleta mbili, 750 kila moja. Akaninyooshea chupa nifungue sili mimi mwenyewe. Nikakumbuka ile ya raba na nailoni nikasikia joto la aibu.

Kazi yenyewe ilichukua karibu masaa mawili. Kwanza alinyonya ile strungi yote kwa katangi na sirinji, akapangusa ndani na kitambaa kisafi, akajaza mpya. Akaanza gurudumu la nyuma kushoto, lile liko mbali kabisa na masta silinda kwa gari za kwetu za usukani wa kulia, halafu nyuma kulia, mbele kushoto, mwisho mbele kulia. Kijana wake ako ndani kwa pedali, mzee ako chini na spana na paipu nyembamba inaonekana ndani, mwisho wa paipu umezama kwa mafuta kidogo ndani ya chupa ya soda ndio hewa isirudi.

"Kanyaga!"

"Nimekanyaga!"

"Shika!" Anafungua nipo, kale kaskrubu ka kutolea hewa, strungi inatoka na viputo, anafunga. "Achilia!"

Hivyo hivyo mpaka inatoka safi, rangi ya mafuta ya kupikia. Mara kwa mara anainuka kuangalia katangi isishuke chini sana, kwa sababu ikikauka inameza hewa na ukiwa na ABS hapo sasa ndio utatafuta mwenye mashine. Na chini ya pedali alikuwa ameweka kipande cha mbao. Niliuliza. Akasema masta silinda ya zamani haijazoea kufika mwisho, huko mwisho kuna uchafu na kutu, ukiisukuma mpaka sakafuni mpira unakwaruzika na kesho unarudi kwake na shida mpya. Kijana wake alinyanyuka kidogo kwenda choo nikakaa mimi kwa pedali, gurudumu la tatu, na nataka iandikwe mahali kwamba nilishika vizuri.

Nipo ya nyuma kulia ilikataa kufunguka, imeshika kutu. Hapa ndio unajua fundi, kwa sababu wengine wangeweka spana na paipu ndefu wavunje halafu wakwambie nunua silinda ya gurudumu. Yeye alipuliza dawa ya kutu, akagonga pole pole na nyundo ndogo, akaenda akanywa uji. Uji mzima. Akarudi ikafunguka.

Akitoa magurudumu ya mbele ndio tukaona padi. Zimebaki nyembamba kama ganda la andazi. Na hapo akanieleza kitu ambacho ningependa yule kijana wa town asome: mafuta ikishuka kwa katangi na hakuna mahali inavuja, mara nyingi ni padi zimelika, pistoni zimetoka nje zaidi na mafuta imeenda kukaa nyuma yake. Ni kama alama. Ukiongeza tu mpaka MAX umeziba mdomo wa anayekuonya, na siku ukiweka padi mpya ukasukuma pistoni zirudi, ile ziada inamwagika kutoka kwa katangi. Padi nyembamba pia zinapitisha moto haraka kwa kalipa, kwa hivyo nilikuwa na shida mbili zinasaidiana. Padi nikanunua siku hiyo hiyo, bei yake ni stori ya maumivu mengine.

Kwa dirisha la kibanda chake ameweka mpira mdogo wa silinda ya breki, umefura mpaka umekuwa mara mbili ya mwenzake aliyeweka kando. Ulitoka kwa matatu, dereva aliishiwa mafuta ya breki njiani akaweka oili ya pawa stearing. Oili ya namna hiyo inafurisha mpira wa breki, na ukishaiweka hata tone huwezi kusafisha tu, inabidi ubadilishe mipira yote. Kila mteja lazima aonyeshwe huo mpira, hakuna kuponyoka.

Sasa mabaya, kwa sababu si ati nimelipwa kusifu. Kwanza huyo kijana wake alimwaga matone kwa madgadi yangu akijaza katangi. Mafuta ya breki inakula rangi ya gari, haisubiri. Mzee alipiga kelele sijawahi sikia, akashika jagi la maji akamwagia hapo hapo bila kupangusa, na karibu yote iliokoka isipokuwa alama ndogo ya ukubwa wa shilingi imekuwa hafifu. Alinitolea mia mbili kwa bei bila mimi kusema, kwa hivyo kazi ikawa elfu moja badala ya elfu na mia mbili. Lakini alama iko na naiona kila asubuhi. Ukienda tandika kitambaa chako mwenyewe.

Pili, hana risiti. Mpesa tu na kuandika kwa daftari. Kama unadai kazini pesa ya gari utasumbuka. Tatu, anaongea sana, mimi nilifurahia lakini kama una haraka utakufa na presha. Ile ya viti nimesema.

Alipomaliza aliandika tarehe na biro juu ya plasta nyeupe akaibandika kwa katangi, pamoja na tarehe ya miaka miwili mbele, ati hata ukiuza gari mwenye ataichukua ajue. Mafuta kidogo iliyobaki kwa chupa ya pili nilitaka kwenda nayo, nimelipia, akakataa, akaimwaga kwa mtungi wa strungi za watu. Akasema ukiweka nyumbani utakuja kuitumia mwaka ujao, nakujua. Kweli amenijua.

Jumatatu jioni niliteremka Riat na wale wale watatu. Mwalimu wa dini alikaa nyuma safari hii. Pedali inashika juu, mapema, mpaka mwanzo nilikuwa natikisa watu vichwa kwa sababu mguu ulikuwa umezoea kwenda mbali. Nilishuka na gia ya chini pia, hiyo tabia sitaacha, Jaduong' alinikemea kuhusu kushikilia breki mteremko mzima kuliko alivyonikemea kuhusu mafuta.

Nampa nyota nne, ya tano imebaki kwa madgadi.

Ukitaka kwenda, anafungua saa mbili na nusu asubuhi. Jumamosi usijaribu, yeye ni Msabato na mwembe utaukuta peke yake. Jumapili yuko siku nzima. Kama ni lori ama haibridi usijisumbue. Nunua mafuta kabla ufike, angalia sili, na ubebe kitu cha kukalia.